Sarafu Zilizokula Chumvi

Asubuhi moja mwishoni mwa Desemba 2007, Chepchirchir alifukia mkebe wa sarafu zake chini ya hori la chumvi ya ng'ombe. Hakupachagua mahali hapo kwa kufikiri sana. Moshi ulikuwa umeanza kuonekana upande wa pili wa bonde, simu zilikuwa zikilia katika kila nyumba ya Keringet, na mwalimu Rahab alikuwa tayari nyuma ya pikapu, amelala katikati ya mitungi ya maziwa, amefunikwa turubai. Barabarani kulikuwa na vijana waliolaza magogo na kusimamisha kila gari. Mkebe uliojaa vipande vya shaba vyenye vichwa vya watu wasiojulikana ungeleta maswali, na maswali yangewafanya wapekue zaidi. Kwa hiyo alisukuma hori kando, akachimba udongo uliolainishwa na kwato, akauweka mkebe, akafukia na kulirudisha hori mahali pake.

"Mama Jepkemei, twende," Rahab alimwambia kutoka chini ya turubai, akimwita kwa jina la bintiye.

"Twende, Mwalimu. Usikohoe."

Rahab alifundisha kemia katika shule ya upili ya jirani, na kwa miaka sita alikuwa amepanga nyumba ndogo kwenye boma la Chepchirchir. Kwao kulikuwa Kabazi. Wiki ile, baada ya matokeo ya uchaguzi kupingwa, watu wa jamii yake walikuwa wakifukuzwa Kuresoi yote, Keringet ikiwemo, na watu wa jamii ya Chepchirchir walikuwa wakifukuzwa kwingine. Wawili hao hawakuyazungumza hayo. Chepchirchir aliwasha gari na kuacha boma mikononi mwa mumewe, Kimutai.

Kwenye kizuizi cha kwanza kijana mmoja aliinama dirishani akamtazama.

"Huyu ni yule mkimbiaji," akawaambia wenzake. "Mathe, unaenda wapi siku kama ya leo?"

"Ng'ombe hawajui kuna uchaguzi. Wamekamwa, na maziwa yanaharibika."

Kijana alipiga mtungi mmoja kwa kiganja, akasikia umejaa, akaondoa gogo. Kwenye kizuizi cha pili ilikuwa vivyo hivyo. Walipofika Nakuru, Rahab alishuka mbele ya nyumba ya shangazi yake, miguu ikiwa imekufa ganzi, akamshika Chepchirchir mikono yote miwili. Waliachana hapo, na miezi kadhaa ikapita kabla hawajaonana tena.

Chepchirchir alikuwa ameanza kukusanya sarafu akiwa bado anakimbia. Kwa zaidi ya miaka kumi alishiriki mbio za barabarani Ulaya, hasa Ujerumani, na mara nyingi alimaliza wa tatu au wa nne. Siku moja jijini Cologne, akisubiri treni, mvua ilimwingiza katika duka dogo la sarafu za kale. Mwenye duka, mzee mwenye miwani minene, aliona raba zake na begi lake la michezo, akafungua droo na kumwekea kiganjani kipande cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mungu. Upande wa pili kulikuwa na mwenge.

Mzee alimweleza kwamba ilikuwa sarafu ya shaba ya mji wa Amfipoli, na kwamba Wagiriki wa zamani walikuwa na mbio za kupokezana mwenge, timu kwa timu, na mwenge ukizimika timu imeshindwa. Chepchirchir alielewa mara moja. Alikuwa amekimbia mbio za kijiti shuleni. Alisimama pale akiitazama ile sarafu hadi treni yake ikaondoka, kisha akainunua.

Baada ya hapo kila safari ilimrudisha kwenye duka lile au jingine kama hilo. Aliipata ile ya mfalme Filipo wa Makedonia yenye kijana aliyepanda farasi. Akaipata ya Korintho yenye farasi mwenye mabawa, ya Efeso yenye nyuki, ya Sirakuza yenye pweza. Zote zilikuwa za shaba. Kimutai alizimwaga mezani mara ya kwanza, akazigeuza kwa kidole.

"Wenzako wanarudi na matrekta," alisema. "Wewe umerudi na vifungo vya koti."

Lakini alimtengenezea mkebe wenye kufuli.

Mjini Nakuru kulikuwa na chama cha wakusanyaji sarafu, watu wachache tu, wengi wao wafanyabiashara wa Kihindi. Mwenyekiti alikuwa Tejinder Singh, muuza vipuri vya magari, na katibu alikuwa Madhu, mama mwenye duka la vitambaa. Kila Novemba walifanya maonyesho katika ukumbi mmoja karibu na soko, na mshindi alipewa kikombe. Tejinder alikuwa amekishinda mara nyingi kiasi kwamba kilikaa kwenye dirisha la duka lake, katikati ya filta za mafuta na breki, kana kwamba nacho kinauzwa. Alikuwa na rupia za fedha za enzi za reli, zote zinang'aa, zimepangwa juu ya mahameli nyekundu. Karibu na meza yake, sarafu za Chepchirchir zilionekana kama maharagwe yaliyoungua. Watu walizipita wakielekea kwenye kung'aa.

Hakuchoka. Kila mwaka alirudi. Tejinder alimwita "Championi" tangu siku ya kwanza, na hakuwa anamkejeli.

Siku ile ya Desemba barabara ilifungwa nyuma ya Chepchirchir, akakaa kwa ndugu zake mbali na bonde; alirudi Keringet Aprili, wakati mapatano yalikuwa yametiwa sahihi na masika yalikuwa yameanza. Boma lilikuwa limesimama. Kimutai alikuwa amekonda, lakini ng'ombe wengi walikuwepo. Nyumba ndogo ya Rahab ilikuwa na mlango uliovunjwa na ndani hamna kitu. Chepchirchir aliufunga kwa waya, kisha akaenda kwenye hori.

Mvua ilikuwa imelijaza hori likafurika kwa majuma, na maji yenye chumvi yalikuwa yakitiririka moja kwa moja ardhini. Mkebe ulitoka umeliwa na kutu, kifuniko kimefunguka upande mmoja. Kile kitambaa alichofungia sarafu kilikuwa kimeloa. Alipokifunua, hakuziona sarafu. Aliona unga wa kijani hafifu, kama ukungu juu ya mkate uliosahauliwa, na chini ya unga vivimbe visivyo na sura. Aliichukua ile ya nyuki, akaipitishia kidole gumba taratibu. Ikavunjika vipande vipande kwenye kiganja chake.

Aliketi juu ya hori. Kimutai alikuja akasimama karibu naye, akaona, akachuchumaa.

"Hazitengenezeki?" aliuliza.

"Sijui. Lakini namjua mtu anayeweza kujua."

Ilimchukua siku nzima kumpata Rahab, aliyekuwa akifundisha katika shule ya binafsi mjini na kuishi chumba kimoja mtaa wa Section 58. Rahab alifungua mlango na kubaki ameushika. Chepchirchir alikuwa ameleta maziwa, viazi na mkebe. Rahab alipokea maziwa na viazi, akauliza habari za Kimutai, za ng'ombe, za wanafunzi wake wa kidato cha nne. Hakuuliza habari za nyumba.

"Walichukua kila kitu," Chepchirchir alisema mwenyewe. "Nimefunga mlango, lakini ndani hamna kitu, Mwalimu. Pole sana."

"Nilijua," Rahab alisema. "Hebu nione huo mkebe."

Alizipeleka sarafu dirishani, akatafuta kioo cha kukuzia, akaziangalia moja baada ya nyingine. Polepole uso wake ulibadilika, ukawa ule uso wa darasani.

"Hii si kutu ya kawaida," alisema. "Huu ni kama ugonjwa. Chumvi imeingia ndani ya shaba. Ikipata unyevu inakula shaba, na ikishakula, chumvi ileile inabaki pale tayari kula tena. Hata ukizipangusa zikawa safi leo, wiki ijayo zitarudi hivi. Lakini chumvi yote hii imetoka wapi? Ulizificha baharini?"

Chepchirchir alitazama sakafu. "Chini ya hori la ng'ombe."

Rahab aliweka kioo chini. Alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka akakaa kitandani, na Chepchirchir naye akaanza kucheka, na wakacheka pamoja hadi jirani akagonga ukuta.

"Kweli hizi zimekula chumvi nyingi," Rahab alisema akifuta macho. "Miaka elfu mbili na bado zinaongezewa."

Kisha akaeleza. Kulikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa ndugu wa magadi.

"Magadi ninayo nyumbani," Chepchirchir alisema. "Ile ya kulainisha mboga."

"Ile hapana. Inatoka ziwani na chumvi yake, tutazimaliza kabisa. Tutaichanganya wenyewe: soda ya kufulia na soda ya kuokea keki, vipimo sawasawa. Tunazilowesha humo, chumvi inatoka kidogo kidogo, tunamwaga, tunaanza tena. Shida ni maji. Maji ya bomba ya hapa Nakuru yanaharibu meno ya watu, sembuse shaba iliyougua. Tunataka maji yaliyosafishwa kabisa, yasiyo na kitu chochote ndani."

"Kama maji ya betri?"

Rahab alimtazama. "Ndiyo. Hayohayo."

Ndivyo Chepchirchir alivyojikuta mbele ya kaunta ya Tejinder Singh, mkebe kwapani. Tejinder alikuwa amezeeka miezi ile michache. Dirisha la duka lake lilikuwa limewekwa vioo vipya. Kikombe hakikuwepo, alisema alikipeleka nyumbani Januari, kwa usalama. Aliufungua mkebe, akaangalia ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mgonjwa anayemfahamu.

"Yule wa farasi yuko hapa?"

"Yuko. Simuoni, lakini yuko."

"Na nyuki?"

Chepchirchir alitikisa kichwa. Tejinder akaufunga mkebe taratibu, akaita watu walioko nyuma ya duka, na madumu ya maji ya betri yakaletwa yakapangwa juu ya kaunta. Chepchirchir alipofungua pochi, Tejinder aliusukuma mkono wake.

"Maji hii chukua, Championi. Ikiisha, rudi. Novemba nataka kushindana na mtu. Sitaki kushinda meza tupu."

Kazi ilianza kwenye rafu ya chumba cha Rahab, ndani ya chupa za jamu. Chepchirchir alileta maziwa mjini mara mbili kwa wiki na kila mara alipitia pale. Mwanzoni maji yalikuwa yakigeuka rangi ya samawati kwa haraka, na kila walipoyamwaga Rahab alisema, "Hiyo ndiyo chumvi inatoka." Kisha waliketi dirishani, kila mmoja na mwiba wa mgunga na kioo, wakibanduabandua unga wa kijani chembe kwa chembe. Chuma kingekwaruza, mwiba ulikuwa mgumu wa kutosha na laini wa kutosha. Rahab alikuwa na haraka, akitaka kuona kilichoko chini. Chepchirchir ndiye aliyemtuliza. Alijua namna ya kukaa na kazi ndefu, kutotumia nguvu zote mapema.

Wakiwa wameinamia kazi, waliweza kusema mambo ambayo wangeshindwa kuyasema wakitazamana. Rahab alisimulia alivyohesabu mashimo ya barabara chini ya turubai, ili asifikirie. Chepchirchir alisimulia kwamba kijana mmoja wa kizuizini alikuwa mtoto wa jirani yake, na kwamba wakikutana sasa kijana huyo huvuka upande wa pili wa njia.

"Na wewe unafanya nini?" Rahab aliuliza.

"Namsalimia. Kwa sauti. Lazima aitike."

Julai walidhani wamemaliza. Rahab aliziweka sarafu ndani ya kontena la plastiki pamoja na pamba iliyoloa, akalifunga, ili kuona kama ugonjwa ungeamka. Baada ya wiki, doti za kijani zilikuwa zimechomoza kwenye karibu nusu ya sarafu. Chepchirchir aliziangalia, akavua koti, akaomba chupa.

"Tunaanza tena," alisema, na wakaanza tena.

Agosti ilipofika, jirani wa Rahab aliwaita kila walipokuwepo waje kutazama Wakenya wakikimbia Olimpiki ya Beijing kwenye runinga yake. Walienda na chupa zao mapajani. Chepchirchir alipigia kelele kila fainali aliyoikuta akiwa amekaa, chupa zisimwagike. Mwisho wa mwezi ule jaribio la pamba lilirudiwa, na Rahab alipofungua kontena hakukuwa na doti hata moja. Walilifunga wakasubiri tena, kwa kuogopa kufurahi mapema. Hakukuwa na kitu.

Zilikuwa zimebadilika. Baadhi zilikuwa na mashimo madogo pale ugonjwa ulipokuwa umekula, na mbili tatu zilikuwa zimekwenda na nyuki. Lakini zilizobaki zilikuwa nyeusi na kahawia iliyoiva, zenye uzito, na zimetulia. Rahab alizipaka nta nyembamba moja moja, akazisugua kwa kitambaa laini. Farasi wa Filipo alitoka mzima, mguu wa mbele umeinuliwa. Mwenge wa Amfipoli ulitoka na ndimi zake za moto, ambazo hata kabla ya kuugua Chepchirchir hakuwahi kuziona vizuri, kwa sababu mzee wa Cologne alikuwa amemuuzia sarafu ile na uchafu wake.

Alikuwa akiigeuza ile ya farasi alipogundua kwamba upande mmoja umelika, si kwa ugonjwa, bali taratibu, ukawa mteremko laini. Kidole chake gumba kilikaa pale chenyewe.

"Mwalimu, weka kidole hapa."

Rahab aliweka. Wakatazamana.

"Kuna mtu mwingine alishika hivi," Rahab alisema.

"Si mtu mmoja. Hizi zilikuwa pesa za sokoni. Zile za fedha zilikuwa za kulipa wanajeshi na za matajiri kuficha. Hizi zilinunua samaki na vitunguu." Aliirudisha sarafu kitambaani. "Nimekuwa nikizionyesha vibaya miaka hii yote."

Mkutano wa kamati kabla ya maonyesho ulikuwa mgumu. Chepchirchir aliomba meza isiyo na kioo. Alitaka kila mgeni ashike sarafu mkononi.

"Haiwezekani, dada," Madhu alisema. "Kanuni ya kwanza ya chama: usiguse."

"Sarafu si viazi," Tejinder aliongeza. "Watu wazishike na mikono yao yote?"

"Hizi zimeshikwa na mikono karne nyingi, Mzee Singh. Zimefukiwa, zimekula chumvi, zimekaa kwenye maji ya betri yako. Mkono wa mtu ndio kitu kizuri kuliko vyote vilivyozipata mwaka huu. Mwalimu amezipaka nta. Na nitasimama hapo mwenyewe."

Tejinder alivuta ndevu zake. Alikuwa mfanyabiashara wa miaka mingi na alijua meza gani ingevuta watu. Kila mtu chumbani aliona kwamba amejua.

"Wacha ashikishe," alisema hatimaye. "Ni sarafu zake."

Jambo la pili lilikuwa la Madhu. Miaka yote kamati ilimchagua mshindi faraghani. Safari hii alipendekeza wageni wenyewe wapige kura. Neno kura lilikuwa bado linachoma mdomo mwaka ule. Lakini Madhu alikuwa ameshafikiria. Kila mgeni angepewa punje moja ya haragwe mlangoni. Kila meza ingekuwa na kopo. Jioni makopo yangemwagwa mezani, na maharagwe yangehesabiwa kwa sauti mbele ya wote.

"Na taa ziwake," mtu mmoja alisema, na watu wakacheka kwa uchungu kidogo, wakikumbuka taa zilizozimika kura za Desemba zikijumlishwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi yenye jua. Chepchirchir alifika mapema na Kimutai, aliyebeba meza. Hakuleta mahameli. Alitandika gunia safi, akaweka vikapu vidogo kama vya muuzaji sokoni, na kando ya kila sarafu akaweka kitu ambacho ingeweza kununua: dagaa wakavu, kitunguu, kipande cha mkate, tini zilizokaushwa alizopewa na Madhu. Mbele kulikuwa na kadi aliyoiandika kwa mkono. Rahab alipokuja aliisoma, akainama akaisoma tena. Iliandikwa: Sarafu za shaba za Wagiriki. Zimekusanywa na Chepchirchir. Zimeponywa na Rahab. Keringet.

"Umeandika Keringet," Rahab alisema.

"Ulikaa huko miaka sita. Kama hutaki, nitaifuta."

Rahab aliiweka kadi sawa, ikae wima.

"Wacha," alisema.

Kwa saa ya kwanza watu walifanya kama kawaida. Waliingia, wakaelekea kwenye rupia za Tejinder zilizong'aa chini ya taa zake. Kisha mama mmoja muuza mboga, aliyetoka sokoni na aproni yake, akasimama mbele ya gunia kwa sababu aliona vitunguu.

"Unauza?"

"Siuzi. Lakini shika hii." Chepchirchir alimwekea kiganjani ile yenye pweza. "Mama kama wewe alipewa hii sokoni, zaidi ya miaka elfu mbili imepita. Aliuza kitunguu, akapewa hii."

Mama yule aliipima mkononi, akaifunga kiganjani, akaifungua. "Kitunguu kimoja?"

"Labda viwili."

"Hapo alidanganywa," mama alisema kwa uhakika, na waliokuwa nyuma yake wakacheka, wakasogea. Alikataa kuirudisha haraka. Alimwita mwenzake aliyekuwa nje, naye akawaita wengine, na muda si muda kulikuwa na foleni kutoka mezani hadi mlangoni. Rahab alisimama upande mmoja akieleza chumvi na magadi, Chepchirchir upande wa pili akieleza mwenge na farasi. Mahindi ya kuchoma na mafuta ya kupikia hayakuruhusiwa karibu. Kimutai alisimama na beseni la maji na taulo, akihakikisha kila mtu amenawa na kukauka kabla hajashika.

Mchana aliingia mzee asiyeona, akiongozwa na binti yake. Binti alitaka kumpitisha kando ya ile foleni. Watu wakawapisha mbele. Chepchirchir alichagua ile ya Filipo, akaiweka kwenye vidole vya mzee bila kusema ni nini. Mzee aliigeuza mara mbili, kisha kidole chake gumba kikaingia kwenye ule mteremko, kikapanda polepole.

"Farasi," alisema. "Ameinua mguu. Na kuna mtu juu yake. Kijana, hana mzigo." Aliendelea kupapasa. "Ameshinda huyu, au ndiyo anaanza?"

"Ameshinda, Mzee," Chepchirchir alisema.

Mzee aliomba aonyeshwe kopo, akatafuta ukingo wake kwa vidole na kuangusha haragwe lake. Lilisikika likigonga mengine.

Jioni Tejinder mwenyewe aliyamwaga makopo. Alikunja mikono ya shati, akayatenga maharagwe kumi kumi juu ya meza, akihesabu kwa sauti ya mtu anayehesabu stoku. Alianza na kopo lake. Lilikuwa zuri, la kutosha kushinda mwaka wowote mwingine. Alipofika kwenye la Chepchirchir, alihesabu, akaendelea kuhesabu, na mafungu yakavuka katikati ya meza, na watu wakaanza kuhesabu pamoja naye, ukumbi mzima, akina mama wa mboga wakiwa ndio wenye sauti kubwa. Alipofika mwisho, alilipindua kopo na kuligonga chini ili wote waone ni tupu.

"Kuna mtu ana swali na hesabu yangu?" aliuliza.

"Hakuna!" ukumbi ukaitika.

Tejinder alikichukua kikombe kwa mikono miwili, akakinyoosha kwa mshindi. Chepchirchir alikuwa amepanda majukwaa mengi maishani mwake, lakini alikuwa hajawahi kuitwa wa kwanza. Alimvuta Rahab kwa kiwiko. Rahab alisita, akatazama watu, kisha akaja, na wakakishika pamoja, kila mmoja sikio lake. Makofi yaliendelea mpaka Madhu akaanza kulia, jambo ambalo hakulitarajia mwenyewe.

"Championi," Tejinder alisema akimpa mkono.

Kabla jua halijatua, magari matatu yalitoka Nakuru kuelekea Kikopey kula nyama choma, kwa sababu Kimutai alikuwa ametangaza kwamba mtu hashindi kikombe halafu anakula chapati. Waliketi nje, mbuzi akija kwenye ubao na kachumbari, Madhu akiwa na ugali wake na mboga. Kikombe kilijazwa soda kikazungushwa. Meza za jirani zilitaka kujua kulikuwa na mashindano gani, na Kimutai akainuka na kuwaeleza, akichora farasi hewani kwa mfupa wa mbavu. Alisema Filipo alikuwa mfalme wa Korintho. Mkewe alimsikia, akamwacha aendelee.

Rahab alikunywa kutoka kikombeni, akampitishia Chepchirchir. Alikuwa akiuliza kuhusu mlango: kama ni ule wa mbele tu uliovunjwa, na fundi angechukua muda gani kuutengeneza.

"Wiki moja," Chepchirchir alisema. "Nikimwambia kesho."

"Mwambie basi. Sijasema narudi. Nataka tu nyumba iwe na mlango."

"Nitamwambia."

Upande wa pili wa meza, Tejinder alikuwa akitafuna na kufikiri.

"Mwaka ujao," alisema, "rupia zangu zitashikwa pia. Zote. Halafu tuone."

"Zitoe nje ya kioo kwanza," Chepchirchir alisema, akamsogezea ubao wa nyama.